Tisa kwa Hamsini

Alhamisi, chumba nambari saba, Mumias.
Fomu ni yangu, kalamu ni ya hospitali,
kiuno ni chake yeye: Mukhwana Wafubwa,
miaka arobaini na mmoja, mpakiaji miwa.
Amekaa ukingoni mwa kiti
kama mtu aliyekuja kudai deni, akaona haya.

Maumivu ya sasa hivi?
Anatazama dari. Yapo kidogo.
Naandika moja.
Kuketi?
Nani amewahi kulipwa kwa kuketi, daktari?
Mimi si daktari, mimi ni wa mazoezi.
Basi wa mazoezi, andika naketi.
Sifuri.

Kutembea?
Kutoka Shibale hadi shambani sijachelewa hata siku moja.
Hasemi huondoka saa ngapi.
Fomu haiulizi, nami siulizi.

Kuinua vitu vizito?
Hapo anacheka, kisha anakikata kicheko
kabla hakijafika mbavuni.
Kizito ni kipi? Fungu la miwa lililonyeshewa,
au karo ya Nafuna, kidato cha tatu?
Jibu hilo halina kisanduku.
Naandika mbili, nafuta, naandika moja.

Kuvaa soksi bila msaada?
Sote wawili tunaitazama miguu yake:
gambuti kuukuu zilizokatwa shingo zikabaki ndara,
kisigino wazi, vumbi la njia nzima.
Swali linajipitia kimya
kama mgeni aliyekosea boma.

Usingizi? Nalala.
Vipi?
Kifudifudi, mikono chini ya nyonga, kama mjusi ukutani.
Lakini nalala.
Swali la nane, la chumbani, nalisoma mbiombio,
macho kwenye karatasi. Anakohoa.
Hilo muulize Nasambu. Yuko nje na kitambulisho changu.

Najumlisha. Tisa kwa hamsini.
Asilimia kumi na nane.
Jedwali lasema: ulemavu mdogo;
ashauriwe namna bora ya kuinua.
Nimshauri mimi, namna ya kuinua!
Huyu aliyekuwa akijaza trela kwa bega lake
nikiwa bado darasa la pili.

Anatia sahihi akiwa wima.
Haiinamii meza; anaiinua karatasi,
anaiegemeza ukutani, anaandika jina lote.
Hapo ndipo ningeona.
Jumatatu trekta zinaanza, anasema,
msimamizi anataka barua kwamba mimi mzima.
Nampa. Naigonga muhuri, Mungu anisamehe,
na nyuma yake kuna foleni ya watu kumi na wanne.

Kisha, dirishani:
upepo unampokonya barua, unaitupa kwenye kokoto.
Mukhwana anasimama juu yake.
Anaitazama vile mtu hutazama kisima
kilichomeza ndoo yake.
Anajaribu goti. Anaghairi.
Anaikanyaga isipeperuke, basi,
na kusubiri, uso umegeukia barabarani,
kama mtu asiyesubiri chochote.
Nasambu anakuja, huku akibishana na muuza ndizi juu ya bei,
anainama, anaiokota, anaipangusa kwa leso,
na ubishi haujakatika hata neno moja.
Ni mkono uliozoea. Ni mkono wa kila siku.

Nafungua dirisha.
Mukhwana! Rudi na hiyo barua.
Na mama naye aje.

Fomu mpya. Juu sijajaza kitu.
Pembeni, nje ya visanduku vyote,
kwa mwandiko wangu mbaya, naongeza swali:
Kitu kikikuanguka, nani hukuokotea?

Mukhwana anatazama dari.
Nasambu amekwisha kuketi, hakukaribishwa.
Anza na viatu, ananiambia.
Unadhani zile gambuti nilizikata kwa nini?